Chungu cha Usiku wa Mbalamwezi

Daraja la Rusizi I ni fupi. Mwenye haraka hulimaliza kabla hajajibu salamu zote za anaopishana nao. Upande huu ni Cyangugu, Rwanda. Upande wa pili ni Bukavu, Kongo. Na hapo chini Ziwa Kivu linaacha kuwa ziwa na kuanza kuwa mto. Maji yaliyokuwa yametulia ziwani yanabanwa, yanakaza mwendo, yanapita chini ya miguu ya kina mama wenye mabeseni kichwani, kisha yanapotelea kwenye kona. Hapo ndipo nilipojifunza kuvua, kwa uzi na ndoano, kabla sijajua kusoma.

Jina lenyewe lina nyumba mbili. Ukitaja Rusizi I, mchuuzi anafikiria mpaka. Fundi umeme anafikiria bwawa lililo chini zaidi ya mto, kule Mururu, lililoanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwetu palikuwa katikati ya hivyo viwili. Asubuhi tuliamshwa na makelele ya mpakani, usiku tulilazwa na sauti ya maji.

Ndoano yangu ya utoto ilishika chupa za plastiki nyingi kuliko tilapia. Takataka za miji miwili huteremka na mto mpaka kwenye mitambo ya bwawa, na huko kuna watu ambao kazi yao ni kuziopoa ili umeme usikatike. Nikipata tilapia wa kiganja, niliingia naye nyumbani kama mtu aliyeua nyati. Lakini samaki aliyetulea hakuwa huyo. Aliyetulea alikuwa na urefu wa kidole, anang'aa kama sindano mpya, na kwa ndoano hapatikani: sambaza.

Msemaji wa Kiswahili wa pwani akilisikia jina hilo hudhani anaamriwa kueneza kitu. Hakosei sana, maana samaki huyu kweli alienezwa. Kivu haikuwa na sambaza. Zamani za kale maji ya huku yalielekea kaskazini, upande wa Nile, mpaka volkano za Virunga zilipoinuka na kuyaziba. Ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini, ndipo mto Rusizi ukazaliwa. Lakini mto huo unashuka karibu mita 700 katika safari ya kilomita 117 hivi mpaka Ziwa Tanganyika, kwa mabonde na maporomoko ambayo samaki wa chini hawezi kuyapanda. Kwa hiyo maziwa mawili yanayounganishwa na mto mmoja yalikuwa na samaki tofauti sana, kama ndugu wa baba mmoja waliokulia kwa wajomba tofauti. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Mbelgiji mmoja, Collart, alisimamia kuletwa kwa vifaranga vya dagaa kutoka Tanganyika na kumwagwa Kivu. Waliletwa wa aina mbili. Mmoja akashindwa, mwenzake akashika. Aliyeshika ndiye sambaza. Huyohuyo alipelekwa baadaye Ziwa Kariba, mwaka 1967 na 1968, na Wazambia na Wazimbabwe wanamwita kapenta.

Kivu ni ziwa la ajabu kwa samaki. Kina chake kinafika mita 485, lakini wapangaji wote wanaishi ghorofa ya juu, mita 50 au 60 za mwanzo. Chini ya hapo hakuna hewa ya kuvuta, kumejaa methani na gesi ya kaboni. Kiboko hayumo, mamba hayumo. Mtoto wa Kivu anajua kuogelea mapema, akiogopa upepo na mama yake tu.

Mjomba wangu alikuwa na ekipe. Ndivyo tunavyoita kundi la mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa nguzo ndefu za mikaratusi, wavu mpana ukining'inia katikati, na nguzo nyingine zimechomoza mbele na nyuma kama pembe za mdudu. Uvuvi wa namna hiyo, wa kushusha wavu na kuuinua, ulienea kwetu baada ya mradi wa FAO kuanza kazi Gisenyi mwishoni mwa miaka ya 1970. Jioni wanaume wanaondoka wakipiga makasia kwa wimbo, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na sauti inaendelea kufika ufukweni hata baada ya macho kuwapoteza. Wakifika wanapotaka, wanawasha taa. Wadudu wa majini wanaifuata taa, sambaza wanawafuata wadudu, na wavu uko chini unangoja. Wanainua mara moja usiku ukiwa mchanga, mara ya pili usiku wa manane, mara ya tatu kabla ya alfajiri. Asubuhi mabeseni yanajaa, na saa mbili haijafika yanavuka Rusizi I kwenda Bukavu.

Mmoja wa waliobeba mabeseni hayo alikuwa mama mwenye beseni la buluu lenye ufa uliozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Sisi watoto tulimwita Mama Sambaza, na nadhani hata watu wazima walikuwa wamesahau jina lake. Mjomba alimkopesha bila kuandika popote.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, Mjomba alikwenda harusini kisiwani Nkombo, akaniachia nyumba. Mwezi ulikuwa umebakiza siku moja kuwa mpevu. Ekipe ilikuwa imelala, nyavu zimeanikwa, wavuvi wote wametawanyika. Mimi nikaona uvivu. Ziwa zima liko wazi, hakuna wa kushindana naye, na wanaume wazima wanacheza karata! Nikawashawishi wenzangu wawili, tukachukua mtumbwi mmoja, kipande cha wavu na karabai, nikakopa mafuta ya taa lita tatu dukani kwa jina la Mjomba.

Sijawahi kuona ziwa zuri kama usiku ule. Tuliona mpaka vijiti ufukweni. Milima ya Kongo ilikuwa imesimama kama mchana. Tukawasha taa, na taa ikawa kama mshumaa uliowashwa uwanjani saa sita za mchana. Tukashusha wavu, tukauinua mtupu. Tukahama, tukashusha, tukauinua mtupu. Alfajiri tulikuwa na sambaza wa kujaza kofia, na kofia yenyewe ilikuwa ya mwenzangu mdogo.

Mjomba aliporudi, mwenye duka alikuwa ameshampa hesabu. Hakunipiga. Alinitoa nje usiku, akanishika kidevu na kukielekeza juu.

“We mutoto, unaona ile? Ile ni taa ya Mungu. Ya kwako itafanya nini?”

Asubuhi akanipa jembe. Nilidhani ni adhabu, na kwa miaka mingi niliisimulia kama adhabu. Nilipalilia muhogo wake juu ya Mururu mpaka mwezi ulipopungua. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba hakuwa akiniadhibu. Alikuwa akinionyesha nusu ya pili ya kazi yake, nusu ambayo mimi, niliyeyapenda maji, sikuwahi kuihesabu kuwa ni uvuvi.

*

Mwaka 2010 nilikuwa Kigoma, nikimnunulia dagaa mfanyabiashara mmoja wa Kamembe, mji wa kwetu. Nilipita Bujumbura, nikavuka Manyovu, nikafika nikiwa na kiburi cha mtu anayejua maji. Kwani Tanganyika si ziwa tu? Tena maji yake mengine ndiyo yale niliyoyaona yakipita chini ya daraja letu.

Majina ndiyo yaliyoanza kunipunguza. Niliagiza mukeke kwa mama lishe, kama nilivyomla Bujumbura kwa ndizi, akaniangalia kama mtu aliyepotea. Mteja wa pembeni akacheka, akamwambia, “Mpe mgebuka huyo.” Samaki ni yuleyule. Ndagala wa Bujumbura hapa ni dagaa. Chombo cha kuwavulia hapa kinaitwa kipe, na nilipolisikia neno hilo nikaisikia ekipe ya Mjomba ndani yake, imekatwa kichwa njiani. Kwa Warundi vyombo vikubwa vya namna hiyo huitwa apollo. Hilo lilinichekesha peke yangu: chombo chenye jina la safari ya mwezini, ambacho mwezi ukipevuka hakiendi popote.

Maana hata Tanganyika wanapumzika. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, lenye dagaa, migebuka, sangala na kuhe, ziwa ambalo mtu wa ndoano anaweza kuvua maisha yake yote asirudie samaki wa jana, nalo likifika mbalamwezi linafungwa na anga. Mwaloni Katonga niliona yaleyale ya nyumbani: nyavu juu ya mchanga, mitumbwi imeinuliwa, watu wanaziba matundu.

Nilipanga kwa mzee mmoja mwenye kipe mbili. Siku za mbalamwezi hakuonekana mwaloni kabisa. Nilimuuliza anakokwenda, akanichukua. Kilomita kadhaa nyuma ya kijiji alikuwa na michikichi yake, na mkewe alikuwa na pipa juu ya moto, mawese yanachemka mekundu kama jua la jioni.

“Ziwa linanipa siku ishirini,” alisema. “Hizi kumi zinatoka hapa. Ningekuwa sina mti hata mmoja, ningekwenda ziwani kila siku, na siku moja nisingerudi.”

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia na kusikia ni vitu viwili.

Ilikuwa Julai, majira ya kiangazi, wakati upepo wa kusini unapolikamata ziwa. Mzee alinionya kuwa mchana upepo ukianza kuvuma, mtumbwi mdogo hautoki. Lakini mimi nilikuwa na siku mbili za bure kabla dagaa wangu hawajakauka, na kijana mmoja alinieleza mahali palipo na migebuka. Tukatoka asubuhi kwa mishipi. Tulipata saba, wazuri, wa kumeza mkono. Tukataka kumi. Upepo ulipokuja haukuja kwa kishindo, ulikuja kwa adabu, ukawa unatusukuma pole pole mbali na nchi. Tulipogeuza chombo, kila kasia moja mbele lilikuwa nusu kasia nyuma. Kisha kasia langu likavunjika.

Boti la mizigo lililokuwa likitoka vijiji vya upande wa Gombe ndilo lililotuokota, jua likiwa karibu kuzama. Samaki saba walikuwa wanaelea na maji ndani ya mtumbwi, wameshaanza kulainika. Mzee alitukuta Kibirizi.

“Uliambiwa?”

“Shikamoo, mzee. Niliambiwa.”

“Haya.”

Hakusema zaidi. Njia nzima ya kurudi Katonga nilitamani angesema.

*

Maji ya chumvi niliyafikia kwa lori. Mwaka 2016 nilikuwa utingo kwenye gari lililokuwa likileta mizigo ya wilaya yetu ya Rusizi kutoka bandari ya Dar es Salaam: Rusumo, Kigali, Huye, msitu wa Nyungwe, mpaka Kamembe. Mwezi Machi mzigo wetu ulikawia bandarini wiki tatu. Dereva akalala kwa shemeji yake. Mimi nikapanda basi kwenda Bagamoyo, kilomita sabini hivi kaskazini, kwa sababu nilisikia kuna soko la samaki pwani na mtu mwenye mikono hakosi kazi.

Sikukosa. Nahodha mmoja mwenye ngalawa na dau dogo alinichukua kwa malipo ya kitoweo. Nilikutana na majina ya samaki kama mtoto aliyefunguliwa duka: changu, tasi, kibua, kolekole, nguru, chewa, taa. Niliona dema, mtego uliosukwa kama kikapu kikubwa chenye mlango wa kuingilia usio wa kutokea. Niliona mnada, samaki wamelazwa chini na mtu anataja bei kwa kasi ya msomaji wa khutba aliyechelewa. Na nilipoyaonja maji kwa ulimi, kwa siri, nikatema kama kila mtu wa bara.

Siku ya tatu nikauliza swali ambalo nililiona la kitaalamu.

“Nahodha, mwezi unakaribia kupevuka. Tunapumzika lini?”

Akacheka mpaka akakaa. “Mwanangu, wa dagaa watapumzika, wale wa taa. Lakini mwezi mpevu ndio bamvua! Maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Wanawake wote watakuwa mwambani wanatafuta pweza.”

Nilikaa kimya. Mwezi uleule uliofunga ziwa la Mjomba ndio uliowafungulia hawa mwamba. Kwetu unaangaza juu ya maji na kuizima taa; kwao unayavuta maji yenyewe na kuyaondoa, na pale palipokuwa na bahari jana, leo mtu anatembea na mkuki wa kuchokolea mashimo. Baada ya siku saba hivi yanakuja maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana, na mambo yanageuka tena. Juu ya hayo kuna pepo, kaskazi na kusi, na kusi huwafungia wavuvi ndani. Kalenda ya Kivu ina ukurasa mmoja. Ya bahari ina kurasa juu ya kurasa, na niliisoma kwa kuanguka.

Asubuhi ya bamvua maji yakiwa yamejaa, nilitumwa na dau nikategue madema mawili ya karibu, na nikaambiwa nigeuze mapema, jua likichomoza tu. Niligeuza jua likiwa limeshapanda. Dema la pili lilikuwa na chewa, nikamshangaa mno. Saa tatu, mita mia mbili kutoka pwani, dau likaguna na kusimama. Nikalisukuma kwa mti, mti ukazama kwenye tope. Nikatazama nyuma, bahari ilikuwa inaondoka bila kuniaga.

Kiswahili kina neno kamili la hali hiyo, na watoto waliokuwa wakipita kwa miguu, kwa miguu, pembeni ya chombo changu, hawakusita kulitumia: “Kapwelewa! Utingo kapwelewa!” Saa nne kina mama walinipita wakielekea mwambani, kila mmoja na salamu yake na swali lake: “Za hapo?” Nikajibu “Nzuri” mara ishirini. Nilikaa mpaka saa nane mchana, bahari iliporudi na kunibeba kama mzigo uliosahauliwa. Chewa alikuwa ameharibika upande mmoja.

Jioni nahodha aliniuliza nilikuwa nikifanya nini saa zote hizo. Nikasema nilikuwa nikingoja. Akanionyesha uani kwake: mkewe na binti zake walikuwa wanasuka makuti, marundo kwa marundo, kwa ajili ya masika na kusi. “Sisi tukingoja, tunasuka,” alisema.

*

Waswahili husema mvumilivu hula mbivu. Nimeisikia kwa mwalimu, kwa shehe, kwa padri, na kwa kila mtu aliyewahi kunidai. Methali haituambii mvumilivu alikula nini wakati mbivu bado ni mbichi. Mjomba alikula muhogo. Mzee wa Katonga alikula mawese. Nahodha alikula makuti. Nilidhani hawa watatu wamenifundisha mambo matatu juu ya maji: taa, upepo, maji kupwa na kujaa. Kumbe walinifundisha jambo moja, nalo si la majini. Kila maji yana siku zake za kutovuliwa, na anayeziheshimu si yule mwenye subira kuliko wenzake, ni yule mwenye chungu cha pili jikoni.

Nililielewa hilo kwa simu. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane na kukua. Nchi nne zinazolizunguka zilikuwa zimekubaliana juu ya kulipumzisha. Nilifurahi niliposikia. Nikampigia kijana wa yule mzee wa Katonga, ambaye sasa ndiye mwenye kipe, mzee akiwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilitaka kumpongeza.

“Kaka,” alisema, “unakumbuka michikichi ya baba?”

“Nakumbuka.”

“Niliiuza. Nikanunua mashine ya boti.”

Tukanyamaza wote wawili. Mashine hailiwi. Ilikuwa imefunikwa turubai uani, na watoto wanne ndani.

Tangu siku hiyo siwezi tena kuzungumzia kufungwa kwa maji kwa moyo mwepesi. Naamini katika kufunga. Nimeona kwetu: upande wa Rwanda Kivu hufungwa kila mwaka kwa takriban miezi miwili, na ikifunguliwa sambaza anayeinuka si yule wa njiti ya kiberiti. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe wamefunga sehemu za mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza akue, na pweza hukua haraka, kiasi cha kumlipa aliyengoja. Lakini tofauti ya anayengoja na anayeiba usiku kwa nyavu haramu, kaningini au supaneti, mara nyingi si dini wala elimu. Ni shamba. Kijana wa Katonga hakuwa mjinga kuliko baba yake. Aliishi wakati ambao mashine iliitwa maendeleo na mti uliitwa umaskini, na hakuna aliyemwambia kwamba ule mti ulikuwa sehemu ya chombo.

Hata shamba la Mjomba halipo. Mji umepanda mpaka juu ya Mururu. Palipokuwa na muhogo pana nyumba za mabati, moja ya kwangu. Nami ni wale wale: nilipojenga sikuacha hata tuta la viazi. Ningekuwa bado mvuvi leo, ningekuwa mwizi ifikapo wiki ya tatu ya kufungwa kwa ziwa. Nalisema hilo ili nisionekane nawafundisha watu kutoka juu ya daraja.

Mtu akiniuliza leo aende kuvua wapi katika nchi zetu hizi, namwambia maji hayana uhaba. Akitaka utulivu aje Kivu, awaombe wavuvi wa ekipe wamchukue usiku wa giza, asikie nyimbo. Akitaka kupigana na samaki aende Kigoma, lakini asubuhi, arudi kabla ya upepo. Akitaka kushangaa aende pwani, na aishike kalenda ya maji kupwa na kujaa kabla hajashika mshipi. Kisha namwambia jambo ambalo halipendi: popote atakapofika, asianze kuuliza samaki wako wapi. Aulize ni lini watu wa hapo hawavui, na siku hizo wanakula nini. Akijibiwa hayo mawili, ameshayajua maji ya hapo.

Mwaka jana, ziwa likiwa limefungwa, nilimchukua binti yangu mpaka Rusizi I. Ana miaka tisa na maswali ya miaka tisini. Aliniuliza maji yale yanakwenda wapi. Nikamwambia Tanganyika. Kisha? Kisha yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo, yanaizunguka Kongo yote, mpaka bahari ya Atlantiki.

“Ile bahari yako? Ya kupwelewa?”

Hapana. Ile ni ya Hindi. Maji yetu yanaipa mgongo. Chumvi ya mto wetu iko upande wa pili kabisa wa bara, pwani ambayo sijawahi kuikanyaga, na siku zake za kutovua sizijui.

Mtu mmoja alipita karibu nasi akiwa na kitu kimefunikwa kitenge, akanong'ona bei bila kusimama. Pembe ya kitenge ilikuwa imeinuka. Visambaza, vyembamba kama uzi. Niligeuza uso, si kwa hasira. Nilikuwa nimemtambua; mtoto wake namwona shuleni.

Ndipo lilipotokea beseni la buluu. Ule ufa bado uko, na plastiki iliyoyeyushwa imekuwa nyeusi. Anayelibeba sasa ni mama wa makamo, mkwe wa yule wa zamani, na watu wanamwita jina lilelile. Nikamsalimia, nikamuuliza, kwa mazoea tu, kama kuna sambaza.

“Sambaza zimelala, baba,” alisema, akiliteremsha beseni ili mtoto aone. “Leo iko nyanya.”